Maji ya Sabili Niliyoyapitisha Nje ya Mita

Juzi jioni mmoja wenu, simtaji maana anajijua, alirudi kutoka kazini kwake mtaa wa Oud Metha, huku huku mjini, akavua viatu mlangoni, akaanza kucheka hata kabla ya salamu. Ati msimamizi wake amempa daftari aandike mita ya maji ya jengo kila asubuhi. "Mzee Kombo," akaniambia, "mimi najaza Ijumaa, wiki nzima kwa mkupuo mmoja. Nani ataenda kuchungulia?" Mkacheka nyote. Mimi nikaondoka, nikaenda jikoni kuosha kikombe ambacho kilikuwa safi.

Mlidhani nimenuna. Sikununa, niliumia. Na kwa kuwa nikisema kwa mdomo huishia kugomba, na mkigombwa mnatia vile vidude vyenu masikioni, nimeona niandike. Karatasi haina pa kutia vidude.

Mnanijua kama mzee wa kitanda cha chini, mjomba wake Hamad wa bohari la Jebel Ali, anayekula wali wenu na kulalamikia chumvi. Hati yangu ya ukaazi imeshafungwa, wiki chache zijazo narudi zangu Pemba. Lakini kabla ya kuja chumbani kwenu nimekaa miaka ishirini na tatu kwenye shamba moja nje ya mji, njia ya kwenda Hatta, kwa arbab mmoja, yaani tajiri mwenye shamba. Kazi yangu ilikuwa kuendesha pampu ya kisima na kuandika maji. Na kwa sababu kuna maji ambayo sikuyaandika, bomba la sabili, la maji ya bure kwa wapita njia, alilousia marehemu wa watu limefungwa, na binti wa huyo marehemu alikuwa bado hai, amekaa kwenye kiti, akisikia lilivyonyamaza. Hiyo ndiyo habari yenyewe. Mengine nitakayosema ni njia ya kuifikia.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mbaluchi akiitwa Gul, fundi wa pampu, ndevu nyekundu kwa hina, mkali kuliko pilipili ya kwao. Kiarabu chake kilikuwa kibovu na changu kibovu zaidi, tukaelewana vizuri sana. Siku ya kwanza alinishika kichwa kwa mikono miwili akakiinamisha mpaka pua yangu ikagusa kioo cha mita. "Soma." Nikasoma. Akanizaba kibao cha kisogo. Nilikuwa nimesoma na zile tarakimu nyekundu, ambazo ni za vipande vidogo. "Nyeusi! Nyekundu waachie mafundi wenye miwani."

Alinifundisha mambo ambayo hata leo, na hizo simu zenu, bado ni yaleyale. Soma saa ileile kila siku. Jua likipiga kioo, kinga kwa kiganja, usikisie. Andika ukiwa umesimama palepale kwenye mita, maana ukishakaa na chai tarakimu mbili za mwisho zinabadilishana nafasi. Ukikosea usifute, piga mstari mmoja uandike pembeni, ili atakayekuja aone kosa na aone umelijua. Siku ambayo maji hayakutoka, usiache pengo, andika hayakutoka na kwa nini. Na mita ikifa, chukua ndoo na saa: hesabu ndoo inajaa kwa muda gani, utajua bomba linatoa kiasi gani hata bila mita. Hilo la ndoo na saa lishikeni, nitalirudia, na mimi mwenyewe likinirudia silali.

Msidhani nilikuwa mtakatifu. Mwaka wangu wa pili nilipata uvivu, nikawa kama huyo wa Oud Metha. Asubuhi ya baridi, mita iko mwisho wa shamba, blanketi liko hapa. Nikatazama tarakimu ya jana, nikaongeza kidogo, nikaandika. Jioni Gul akaniita kibandani kwake. Mezani pana mota ya pampu, imefunguliwa vipande vipande, skrubu zimepangwa kwenye sahani.

"Hii ni nini?" akaniuliza.

"Mota ya pampu."

"Iko hapa tangu lini?"

"Sijui, ustadhi."

"Tangu jana magharibi. Na wewe umeandika leo imetoa maji. Mashaallah, pampu ya Kombo ina baraka, inavuta maji ikiwa juu ya meza."

Nilitamani ardhi inimeze. Wiki nzima aliniita Sheikh Kombo wa miujiza, mbele ya watu. Tangu siku ile sikuandika tena tarakimu ambayo sikuiona kwa macho yangu. Nilijivunia sana jambo hilo, hata mahali pasipotakiwa.

Sasa niwaambie habari ya bomba.

Mama yake arbab tulikuwa tukimwita Mama Kabir, kama ilivyo desturi ya wafanyakazi huku kumwita bibi wa nyumba. Macho yake yalikuwa yamezimika. Kisima cha shamba kilikuwa cha wazazi wake, cha maji matamu katika eneo ambalo visima vingi ni vya chumvi, na mama yake alipokuwa akifa aliusia neno moja: anayepita anywe. Basi ukuta wa nje, upande wa barabara, kulikuwa na kipoza maji cha chuma chenye mabomba mawili, kopo kwa mnyororo, kivuli cha makuti ya mtende, na kibao kinachomwomba anayekunywa amwombee marehemu rehema.

Kila alasiri nilimwongoza Mama Kabir, yeye ameshika kipini cha bakora na mimi ncha yake, mpaka kwenye kiti chake upande wa ndani wa ukuta. Akikaa, anageuza sikio ukutani. Anasikiliza. Upande wa pili watu wanakunywa, madereva wa malori ya mchanga, walinzi, wajenzi, wanajaza chupa zao, na wanaojua kusoma wanasema, "Allah yirhamha." Naye anajibu huku ndani, taratibu, "Amin." Hawakujua kwamba yupo.

Kulikuwa na Mtanzania mwenzetu, Erasto, Mgogo wa Dodoma, akifanya kazi kwenye yadi ya matofali ng'ambo ya barabara. Kila siku madumu mawili, la kwake na la wenzake. Kibao hakujua kukisoma, nilimwambia mimi kinasema nini. Basi yeye akawa anasema kwa sauti yake nzito, kwa Kiswahili, "Mungu amlaze mama pema." Siku ya kwanza Mama Kabir akanigeuzia uso: "Anasemaje huyu?" Nikamweleza. Tangu siku ile akisikia ile sauti anatabasamu kabla hata haijamaliza, anajibu, "Amina," kwa kutia ile a ya mwisho kama nilivyomfundisha. Mkristo wa Dodoma na bibi wa Kiarabu wakaombeana hivyo miaka minne bila kuonana.

Amri ya mita ilikuwa imekuja zamani, kabla ya Erasto: kila kazi ya maji iwe na mita yake. Wakati huo tulikuwa na ile mita moja kuukuu ya pampu tu, haioneshi maji yamekwenda kazi gani. Arbab akaniambia, "Kombo, wewe ndiye unayejua mabomba, simama na fundi." Mita kubwa mpya ikafungwa kisimani, na baada yake mita ndogo tatu: ya mitende, ya majani ya mbuzi, ya nyumba. Fundi akaniuliza, "Na hili bomba dogo la ukutani?"

Nikasema, "Hilo likate kabla ya mita, lisipite ndani yake."

Gul alikuwa amechutama pembeni anavuta sigara. Akainuka. "Kwa nini?"

"Hayo ni ya Mungu, ustadhi. Sadaka haihesabiwi."

Wanangu, msinicheke. Mimi nimelelewa hivyo. Marehemu baba yangu akichota mpunga kuwapa watu alikuwa anageuza uso pembeni, anachota huku anatazama mlango, ili mwenyewe asijue ametoa pishi ngapi. Alituambia ukiijua idadi utaanza kujisifu moyoni. Nilikuwa mtoto wa miaka sita, niliona ndilo jambo zuri kuliko yote niliyowahi kuyaona. Sasa nimekuwa mtu mzima, nimepewa jambo langu zuri la kufanya, nitalipitisha kwenye mita kama bili?

Gul akaizima sigara kwenye mchanga. "Kombo, mita haimwandikii Mungu. Mungu anajua kusoma bila mita. Inawaandikia watu, na watu ndio husahau."

"Kata kabla," nikamwambia fundi. Kichwa kilikuwa kimenivimba. Fundi akakata kabla. Mama Kabir hakuulizwa, wala arbab hakuulizwa. Mwaka uliofuata Gul akarudi kwao kwa ugonjwa wa kifua, akaniachia bisibisi zake na sahani ya skrubu.

Nikaandika miaka mingi. Daftari juu ya daftari, halafu simu: unapiga picha mita, unatuma. Vijana wa kampuni ya mita walikuja na zile zinazojiandika zenyewe, nikaendelea na daftari langu pembeni, wananicheka. Mtende umekunywa nini, mbuzi wamekula majani ya maji kiasi gani, nyumba imeogea nini, yote yapo, mkono wangu, wino wa buluu. Bomba la ukutani lilimwaga mchana na usiku, na katika madaftari yote yale hakuna hata herufi yake.

Mwaka juzi ikaja barua ya kibali. Maji ya chini ya ardhi yanapungua, visima vya jirani vimekauka, basi kila mwenye kisima aoneshe kwa maandishi ametumia maji kiasi gani na kwa kazi gani. Kila kazi iliyothibitishwa itabaki na haki yake. Kazi mpya haziruhusiwi tena. Mimi nikafurahi! Nilipanga madaftari yangu kwenye meza ya majlisi, chumba cha wageni, kama bibi harusi anayepanga vyombo. Nikasema moyoni, leo ndiyo siku ya Kombo.

Afisa aliyekuja alikuwa binti mpole, ana kalamu na kishikwambi, amevaa buti za kazi chini ya abaya. Alikagua madaftari saa nzima. Akasema hajaona kumbukumbu safi namna ile tangu aanze kazi. Arbab akanitazama kwa fahari. Kisha binti akaomba azungukie mabomba, akafika kisimani, akainama, akanyoosha kidole.

"Hili linakwenda wapi, ami?"

"Ukutani. Sabili."

"Mita yake iko wapi?"

Nikamwonesha pale lilipokatwa, kabla ya mita. Arbab naye akawa ananitazama, lakini si kwa fahari tena.

Nisimseme binti yule vibaya, alihangaika kuliko mimi. Alisema, "Nipe tarakimu yoyote. Daftari lolote la zamani. Mtu yeyote aliyewahi kupima, hata kwa ndoo. Nikiwa na kipimo, naliandika kuwa kazi ya nne na litabaki." Hata kwa ndoo! Ndoo ninayo, saa ninayo mkononi, asubuhi moja tu kila mwaka ingetosha. Nikamwomba nipime siku ileile. Akasema kipimo cha leo kinaonesha maji ya leo, yeye anatakiwa kuonesha ya miaka iliyopita, vinginevyo ni kazi mpya.

Nikakimbia ng'ambo ya barabara nikamleta Erasto aje kutoa ushahidi, na vumbi lake la simenti hivyo hivyo. Akavua kofia, akasimama wima.

"Umekunywa maji hapa?" binti akauliza, mimi natafsiri.

"Miaka minne, madam, kila siku ya Mungu."

"Kiasi gani?"

Erasto akafikiri. Maskini, alitaka kusema kweli. "Mpaka nikashiba, madam."

Binti akacheka, arbab akacheka, mimi mwenyewe nikacheka. Binti aliandika maneno yale. Lakini mwezi ule kibali kikaja kina kazi tatu: mitende, majani, nyumba, na maji ya kazi moja hayaruhusiwi kupelekwa kwenye nyingine. Akaja mtu na koleo, akakata bomba dogo, akaziba, akatia waya wa lakiri. Hakuna aliyenifukuza kazi. Ningefukuzwa ningepumua.

Kesho yake alasiri Erasto akaja na madumu yake mawili. Akabonyeza bomba la kwanza, akabonyeza la pili. "Mzee, imeharibika?" Nikamweleza. Alishika lile kopo la mnyororo, akalifuta vumbi kwa pindo la fulana yake, akalirudisha mahali pake, akaondoka na madumu yakigongana. Kituo cha mafuta chenye duka kiko mbali kwa miguu, na mwezi ule ulikuwa wa nane. Ninyi mnalijua joto la mwezi wa nane.

Arbab alinunua katoni za maji ya chupa akaziweka getini. Zilikuwa zinakwisha kabla ya adhuhuri. Na upande wa ndani wa ukuta, kwenye kiti, Mama Kabir anasikiliza.

"Kombo, watu wako wapi?"

"Joto, mama."

Siku ya pili, "Joto bado?" Siku ya tatu hakuuliza, akanyoosha mkono akagusa ukuta, pale bomba linapopita ndani yake, ambapo siku zote palikuwa na ubaridi. Palikuwa pa moto.

Nikapiga magoti kwenye mchanga nikamwambia yote. Kwamba ni mimi niliyesema likatwe kabla, kwamba Gul alinikataza, kwamba niliona ni ibada. Nikamwambia habari ya baba yangu na mpunga. Nilikuwa nalia, sioni haya kuwaambieni, mzee mzima nilikuwa nalia kama mtoto aliyevunja chungu. Nilitaka anitukane, anipige hata kwa ile bakora.

Aliitika adhana ya magharibi mpaka mwisho.

"Baba yako alikuwa mtu mwema," akasema. "Lakini yeye alikuwa anatoa mali yake mwenyewe. Haya yalikuwa ya mama yangu. Mimi ningependa kujua, Kombo. Miaka yote nimekaa hapa nasikia sauti tu. Ningependa mtu aje aniambie, leo mama yako ametoa kiasi hiki." Kisha akauliza, "Basi hakuna popote palipoandikwa kwamba alitoa?"

"Hakuna, mama."

"Andika sasa. Ulikuwa unawaona. Wataje."

Nikanunua daftari jipya. Kila alasiri nilikaa chini karibu na kiti chake nikamsomea. Erasto wa Dodoma, madumu mawili, kila siku, miaka minne. Dereva wa Kipathani, lori la mchanga, mkono wa kulia una jeraha, anashika kopo kwa wa kushoto. Mlinzi wa kike, Mganda, anajaza chupa ya lita moja na nusu anapoingia zamu, na anajimwagia usoni. Wajenzi saba wa Kinepali, wanapokezana kopo, mdogo wao anakunywa mwisho. Mama Kabir akifurahi anapiga kidole kwenye bakora. Nikimaliza mmoja anasema, "Na mwengine?" Nami namtaja mwengine.

Kumbe mtu niliyekuwa najua kila mtende umekunywa nini, watu nilikuwa nawaona migongo tu. Walikuwa wamepita mamia, labda maelfu, sijui, na kutojua huko ndiko ninakowaambieni. Siku ya kumi na moja nilikuwa nimefika mwisho. Watu arobaini na mmoja, kurasa mbili na nusu. Daftari hilo liko kwenye begi langu chini ya kitanda, anayetaka kuliona aniambie. Mama Kabir alifariki kabla baridi haijaisha, na lile kopo nililizika kando ya ukuta kwa ruhusa ya mwanawe.

Alasiri ile ya kumi na moja nilisoma wa arobaini na mmoja, nikafunga daftari.

"Na mwengine?" akasema.

Nilikuwa na jina mdomoni. Si la mtu, la kubuni tu, na dumu la kubuni mkononi mwake, apate kufurahi siku moja zaidi. Nikaiona ile mota juu ya meza ya Gul, na skrubu zimepangwa kwenye sahani. Nikalimeza lile jina.

"Khalas, mama. Hao ndio wote ninaowajua."

Akatikisa kichwa. Hakukasirika, alisema kama anayenifariji.

"Wengine wapo, Kombo. Ni wewe tu hukuwaandika."

Akashika kipini cha bakora, akaninyooshea ncha nimrudishe ndani.